Nyumba ya Kasulu ina thamani gani? Hesabu ambayo kodi ya majengo imeikwepa

Nunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi ukiwa Kasulu mjini, mkoani Kigoma, Tanzania. Kabla uniti hazijahesabiwa, shilingi 1,500 zimeshakwenda kwenye kodi ya jengo. Ondoa VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini ya REA asilimia 3 na ya mdhibiti EWURA asilimia 1: mteja wa matumizi madogo, anayeuziwa uniti kwa shilingi 100, anaambulia uniti 28.7 badala ya 41. Aliye kwenye kundi la shilingi 292 hafikishi hata uniti 10. Mfumo hauulizi nyumba ina vyumba vingapi, imeezekwa kwa nini, wala kama iko kando ya lami au bondeni. Unauliza kama kuna mita.

Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 1983 ilikuwa na mtazamo mwingine. Ilitaka kodi itokane na thamani ya jengo, na thamani hiyo iwe ya soko. Soko lisipoonekana, itumike gharama ya kujenga upya ikipunguzwa uchakavu. Ardhi yenyewe haikuhesabiwa, kwa kuwa ni mali ya umma na ina pango lake. Nairobi walikwenda upande wa pili kabisa: walitoza kiwanja na kuliacha jengo, tena kwa daftari la thamani la mwanzoni mwa miaka ya 1980 lililotumika kwa takriban miaka 40.

Kwetu tatizo lilikuwa daftari lenyewe. Mthamini alipaswa kupita nyumba kwa nyumba, na halmashauri nyingi hazikuwa na wathamini wala bajeti ya kuwaleta. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha vikaja viwango vya mkupuo: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa 50,000 kwa kila sakafu mijini. Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ukusanyaji ukawa rahisi ajabu. Uthamini ukaachwa.

Tuirudishe hesabu hiyo mezani, tuone ingefanyikaje Kasulu na Kibondo, mji mwingine wa mkoa huo, kama mwenye nyumba angeambiwa akadirie mwenyewe.

Njia ya soko inakwama mapema. Nyumba zinazouzwa Kasulu kwa mwaka mmoja, za ukubwa na mtaa unaofanana, ni chache, na mauziano mengi huandikwa kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, bila bei hiyo kufika kwenye daftari lolote la kulinganishia. Njia ya pango nayo ina mtego wake, hasa Kibondo. Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kupokea wakimbizi wa Burundi, mashirika yalihitaji ofisi na nyumba za watumishi. Pango la aina hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata bajeti za misaada. Ukiithamini nyumba ya Kibondo kwa pango la shirika, unaithamini kambi.

Inabaki gharama ya kujenga upya, na hapa mwenye nyumba ana faida kuliko mthamini wa kutoka mbali, kwa sababu wengi tunajenga wenyewe kidogo kidogo. Unajua tofali za kuchoma zilitoka tanuri lipi, mifuko mingapi ya saruji ilikwenda kwenye msingi na lenta, fundi alilipwa nini kupaua. Pima nje ya kuta, urefu mara upana, upate mita za mraba. Zidisha kwa gharama ya mita moja kwa bei za leo. Bei ya mwaka uliojenga haifai, maana saruji, nondo na bati zinazosafirishwa hadi nyanda hizi za juu hazijabaki pale zilipokuwa. Kisha punguza uchakavu: kuta zilizopasuka, bati lililoota kutu, mbao za paa zilizoliwa na mchwa.

Chukua nyumba tatu kwa mfano tu, kwa bei nilizozikadiria ili hesabu ionekane. Ya kwanza ina mita za mraba 36, tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, haina dari. Kwa shilingi 220,000 kwa mita inagharimu 7,920,000. Toa robo ya uchakavu, zinabaki 5,940,000. Ya pili ina mita 80, ina plasta, sakafu ya saruji na dari. Kwa 350,000 ni milioni 28, ukitoa asilimia 20 ni milioni 22.4. Ya tatu ni mpya, mita 220, vigae ndani, bati la msauzi, madirisha ya aluminiamu. Kwa 600,000 ni milioni 132, ukitoa asilimia 5 ni milioni 125.4.

Zote tatu ni nyumba za kawaida kisheria, na zote zinalipa 18,000. Kwa ya kwanza hiyo ni asilimia 0.30 ya thamani. Kwa ya pili ni 0.08. Kwa ya tatu ni 0.014. Mwenye nyumba ndogo anabeba mzigo mara 21 ya mwenye nyumba kubwa. Ni kweli sheria inaziacha nyumba za udongo na za nyasi, na mzee wa miaka 60 au mwenye ulemavu asiye na kipato ana msamaha kwa nyumba moja anayoishi. Lakini wa tofali za kuchoma, mwenye miaka 45, hana pa kujificha. Na kama nyumba imepangishwa, mpangaji ndiye anayekatwa anaponunua umeme; kudai fedha hiyo kwa baba mwenye nyumba ni shughuli nyingine.

Je, watu wakijikadiria hawatadanganya? Watadanganya kidogo, ndiyo maana hesabu isidai usahihi usiohitajika. Ireland walipoanzisha kodi yao ya kujikadiria mwaka 2013, mwenye nyumba hakutakiwa kutaja bei kamili, alichagua daraja. Daraja la kwanza liliishia euro 100,000, yaliyofuata yalipanda kwa euro 50,000, na kodi ilikuwa asilimia 0.18 ya katikati ya daraja. Kukosea kwa euro elfu kadhaa mara nyingi hakukubadilisha kitu. Freetown mwaka 2020 waliacha kutafuta bei ya soko: walipima ukubwa wa paa kwa picha za satelaiti, wakaongeza pointi kwa sifa zinazoonekana nje na kwa mahali nyumba ilipo. Jirani angeweza kuona kwa macho kwa nini nyumba ile imepata pointi nyingi.

Lipo pendekezo la zamani kwamba serikali iwe na haki ya kuinunua mali kwa bei aliyoitangaza mwenyewe, ili watu waogope kushusha. Mimi silitaki kwa Kibondo. Litamnasa bibi asiyejua hesabu kabla ya mfanyabiashara mjanja.

Kwa miji hii miwili ningechukua madaraja manne au matano, yenye vipimo ambavyo mwenyekiti wa mtaa anaweza kuvikagua akiwa barabarani: ukubwa, ukuta, paa, lami. LUKU iendelee kukusanya. Ibadilike namba inayokatwa tu.

Hata kabla serikali haijaamua, iandike hesabu ya nyumba yako na uitunze pamoja na stakabadhi za saruji na bati. Siku ukiiuza nyumba isiyo na msamaha, mkazi mwenye ushahidi wa gharama hutozwa asilimia 10 ya faida. Asiye nao hukatwa asilimia 3 ya bei nzima, hata kama ameuza kwa hasara.