NJIA INA HAKI YAKE

Msomaji mpenzi, wewe uliyeko Tanga, Mombasa, Unguja au Lamu, nakuomba leo tusafiri pamoja mpaka Kigoma, mwisho wa reli, tufike mtaa wa Katubuka ulio karibu na uwanja wa ndege. Huko si ugenini kwako. Ujiji, mji wa jirani, ulikua kwa biashara ya watu waliotoka Pwani, nao walikwenda na dini yao, lugha yao na desturi ya kukaa barazani. Wanaoishi huko ni ndugu zetu.

Watu huhakiki vitabu na nyimbo. Leo natutazame barabara kwa jicho hilohilo, kwani barabara nayo ni kazi ya mikono ya watu, na tabia ya waliyoijenga huonekana ndani yake.

Tuipime kwa mizani gani? Mtume wetu (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Waliposema kuwa hawana pengine pa kuzungumzia, aliwaambia kwamba, ikiwa ni lazima, basi waipe njia haki yake: wainamishe macho, wasimuudhi mpitaji, waitikie salamu, waamrishe mema na wakataze maovu. Akatufundisha pia kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Na katika mapokezi ya Bukhari, watu wakigombana juu ya upana wa njia, iachwe dhiraa saba. Tazama, msomaji: dhiraa saba ni kiasi cha mita tatu na nusu, karibu sawa na upana wa njia moja ya gari katika barabara za leo. Upana ule ulimtosha mtu, mnyama na mzigo wake, na hakuna aliyesukumwa mtaroni.

Tuseme kweli, wala tusikufuru neema. Kigoma-Ujiji ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa katika Mradi wa Miji ya Kimkakati, ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na Arusha, Dodoma, Mbeya, Mtwara, Mwanza na Tanga. Mradi ule ulileta lami, mitaro na taa za barabarani. Anayejua matope ya masika na vumbi la kiangazi hawezi kuudharau.

Lakini lami siyo mwisho wa maswali. Simama kando ya barabara yoyote katika miji yetu saa moja asubuhi, uhesabu. Wengi hawamo ndani ya magari. Ni watoto waendao shule, mama mwenye beseni kichwani, mzee na bakora yake, kijana juu ya baiskeli aliyofunga gunia la mkaa. Je, hao wametengewa nafasi gani? Mara nyingi ni ukingo mwembamba kati ya gurudumu na mtaro usiofunikwa. Mwenye gari kapewa uwanja, na mwenye miguu kaachiwa makombo.

Si jambo dogo hili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni wale waendao kwa miguu, baiskeli na pikipiki. Maana yake ni kwamba barabara humwua kwanza yule aliye mnyonge zaidi juu yake.

Jambo la pili ni maji. Katubuka ni mahali pa chini, pana bwawa, na mvua ikizidi maji hujikusanya hapo. Mwaka 2024 maji yalipanda mpaka yakaingia majumbani, na watu wakahama nyumba walizozijenga kwa jasho. Mwaka huohuo Ziwa Tanganyika nalo lilipanda. Sisemi kuwa barabara ndiyo iliyoleta mvua. Mvua ni amri ya Mola. Lakini maji hufuata mkondo, na mkondo huchimbwa na watu. Kila paa na kila kipande cha lami huyazuia maji kuzama ardhini na kuyatuma kwa jirani. Mtaro unaookoa mtaa wa juu na kuishia njiani haukuondoa udhia, umeuhamisha tu. Na sheria yetu haimruhusu mtu kujikinga na dhara kwa kumdhuru mwenziwe.

Somo hili halimo Kigoma peke yake. Dar es Salaam ilianza mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, yakiwa na njia yake yenyewe, na pembeni njia za miguu na baiskeli. Mwaka 2018 mji huo ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na ulistahili. Hata hivyo karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na mara kwa mara mafuriko yameyasimamisha. Kazi nzuri ikatiwa ila na mahali ilipowekwa.

Sasa, msomaji, tusimwelekeze kidole mhandisi tu. Ni nani anayetupa taka mtaroni usiku? Ni nani anayesogeza ukuta wake kidogo kidogo mpaka akala njia ya wote? Ni nani anayepakia watoto watatu juu ya bodaboda moja, kisha ajali ikitokea akasema ni kadari? Luqmani alimuusia mwanawe aende mwendo wa wastani na ateremshe sauti yake. Usia huo unatuhusu hata tukiwa juu ya pikipiki, mkono ukiwa kwenye honi.

Basi mkutano wa mtaa ukiitwa, usibaki nyumbani. Mradi wa barabara ukiletwa, uliza mambo matatu: Mtoto atavukia wapi? Mzee atapita wapi? Na maji haya mwisho wake wapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo hajamaliza kuchora barabara, hata kama karatasi zake zimejaa mihuri.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoondoa udhia njiani, wala asitufanye sisi wenyewe kuwa udhia kwa wapitao. Amin.