Vidonge Viwili kwa Siku na Kalenda ya Miezi Mitatu

Walikuwa wanawake 128 nchini Marekani. Wote walikuwa wamekoma hedhi, wote walikuwa na ugonjwa wa fizi, na mifupa yao ilikuwa imeanza kupungua uzito ingawa haijafikia kuitwa osteoporosisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska na wenzao wa Stony Brook, New York, waliwafuatilia kwa miaka 2. Hawakutaka kupasua fizi. Walitaka kujua kama kidonge kinaweza kuzuia mfupa wa taya usiendelee kuliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, na hadi leo mpango wa jaribio lile unafundisha mengi kuliko kidonge chenyewe.

Tuanze na ugonjwa. Ukoga unaoachwa kwenye shina la jino hugeuka ugaga, mgumu kama jiwe, na bakteria hushuka chini ya ufizi. Ufizi hubanduka na kuacha mfuko kando ya jino. Mfuko wa milimita 1 hadi 3 ni wa kawaida. Ukifika 4 au zaidi na kutoa damu unapopimwa, hapo pana ugonjwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uharibifu huletwa na mwili wenyewe. Unapopambana na bakteria humwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, yaani nyuzi zinazolishikilia jino, na huamsha seli zinazomega mfupa. Estrojeni, homoni ya kike ambayo hupungua hedhi inapokoma, huzidhibiti seli hizo. Hedhi ikikoma, udhibiti huo hulegea, na ukoga uleule wa jana unaweza kuleta hasara kubwa zaidi. Wengine hukaukwa na kinywa, wakakosa mate ya kutosha kuyasuuza meno.

Kidonge kilichojaribiwa ni doksisiklini. Katika maduka yetu ya dawa tumeizoea ya miligramu 100, dawa ya kuua bakteria. Hawa walipewa miligramu 20 mara mbili kwa siku, kiasi kisichoua bakteria. Kilicholengwa ni vile vimeng'enya. Chanzo cha wazo hili ni kazi ya Lorne Golub wa Stony Brook: mwaka 1983 yeye na wenzake walionyesha, kwa panya wenye kisukari, kwamba minosiklini, dawa ya ukoo huohuo, hupunguza nguvu ya kimeng'enya kinachokata kolajeni kwenye fizi.

Nusu ya wanawake walimeza doksisiklini, nusu vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Lakini wote, bila kubagua, walirudi kwenye kiti cha daktari kila baada ya miezi 3 hadi 4 kusafishwa, na wote walipewa kalsiamu na vitamini D.

Kusafishwa huko ni zaidi ya kung'arisha meno. Daktari hupima kina cha mfuko katika sehemu 6 za kila jino, kisha huingiza chombo chembamba chini ya ufizi na kukwangua ugaga ulioganda kwenye mzizi. Chombo kinaweza kuwa cha mkono au cha mtetemo. Utafiti uliofanywa Malmö, Uswidi, miaka ya 1980 ulionyesha kuwa vyote viwili huleta matokeo yanayolingana. Mzizi ukiwa safi, uvimbe hushuka, ufizi hulibana jino tena, na mfuko hupungua kina.

Baada ya miaka 2, kwa kundi zima, kidonge hakikuleta tofauti ya maana katika mfupa wa taya. Dalili za nafuu zilionekana kwa wasiovuta sigara na kwa waliokoma hedhi zaidi ya miaka 5, ila watafiti wenyewe walisema utafiti zaidi unahitajika. Ninavyousoma mpango huu, kidonge kiliwekwa juu ya usafishaji, hakikushindanishwa nao. Anayekisifu kama mbadala wa kiti cha daktari anasema jambo ambalo jaribio hili halikulipima.

Kwa hiyo, mama, usikate kidonge cha miligramu 100 ukidhani umepata dawa ya fizi. Kama unatumia dawa za kuimarisha mifupa, kama alendroneti, mwambie daktari kabla hajang'oa jino, kwani taya linaweza kukawia kupona. Miezi 3 hivi baada ya kusafishwa chini ya fizi, mifuko ipimwe upya. Ile inayobaki na kina cha milimita 6 au zaidi ndiyo ya kuzungumzia upasuaji.

Na siku ile ya kwanza, usitoke kliniki na meno meupe tu. Toka na karatasi yenye vipimo vya mifuko yako, na chini yake tarehe ya kurudi.