RISALA YA IBN ABIDIN NA DENI LA MACHIMBONI

 

Tumeirejea risala ya Sheikh Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki Damascus mwaka 1252 Hijria (1836), iitwayo Tanbihur-Ruquud alaa Masaailin-Nuquud. Kilichoturejesha humo ni hoja inayotolewa kwa jina lake huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Geita. Mfadhili humpa mchimbaji mdogo shilingi za chakula, magogo na mafuta ya pampu, kisha wakaandikiana kuwa atarudishiwa gramu kadhaa za dhahabu. Akiulizwa, hujibu: Abu Yusuf amesema deni hulipwa kwa thamani, na Ibn Abidin amesema fatwa ni hiyo. Basi tazama matokeo yake. Mwishoni mwa 2023 wakia ya dhahabu ilikuwa karibu dola 2,000. Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Aliyepokea shilingi akaandikiwa gramu, deni limekua karibu mara mbili hali yumo shimoni bado.

Je, risala inasema hivyo? Haisemi.

Ibn Abidin anakusanya kauli za maimamu wa madhehebu yake juu ya fulusi, yaani sarafu za shaba, na dirhamu zilizozidi mchanganyiko, pale zinapoacha kutumika au thamani yake inapobadilika. Katika qardhi, Abu Hanifa anasema hurudishwa mfano wake. Abu Yusuf anasema thamani ya siku ya kupokea. Muhammad bin Hassan anasema, zikiacha kutumika, ni thamani ya siku ya mwisho watu walipozitumia. Ama dhahabu na fedha halisi, mwandishi anabainisha kuwa hazimo katika khilafu hiyo. Hulipwa kwa mfano wake tu. Wanaomnukuu huruka hapo.

Tena thamani anayoitaja Abu Yusuf ni hukumu ya kadhi baada ya sarafu kupatwa na mabadiliko. Si sharti la kuwekwa siku ya kukopeshana. Anayetoa shilingi leo kwa sharti la gramu baada ya miezi sita amefanya sarfu ya kucheleweshwa, na Hadithi ya Ubada bin Samit (R.A) imetaka makabidhiano ya mkono kwa mkono. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, lilizipa noti hukumu za dhahabu na fedha katika riba. Na Kuwait mwaka 1988 likaamua kuwa deni la sarafu hulipwa kwa mfano wake, wala halifungwi na kiwango cha bei.

Sasa tuwageukie wenzetu Mashafii, maana nao wana lao. Nawawi katika Rawdha amesema aliyekopesha sarafu, kisha sultani akaibatilisha, hana ila sarafu ile ile aliyokopesha. Benki Kuu ya Tanzania ilizikusanya noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya 2010, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali. Je, mdaiwa ampelekee mdai noti kuukuu ya elfu kumi na kusema dhima imetakasika? Kwa herufi ya kitabu, ndiyo. Lakini fulusi iliyobatilishwa ilibaki shaba. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga pale Tabora sarafu za shaba za heller, na za dhahabu ya Sekenke zenye thamani ya rupia 15. Utawala wao ukaondoka. Dhahabu ikabaki dhahabu, na shaba ikabaki shaba. Karatasi hubaki nini?

Hapa ndipo Ibn Abidin anapotufaa kweli. Anaeleza kuwa watu wa zama zake waliuziana kwa qirshi mia, na malipo yakawa ya sarafu yoyote inayofikia kiasi hicho. Qirshi imekuwa kipimo. Na shilingi ni hivyo hivyo: kilichomo katika dhima ni shilingi elfu kumi, si picha iliyochapwa juu ya karatasi. Mfano wake, basi, ni noti iliyo halali na inayopokelewa siku ya kulipa.

Risala inapungua mwishoni. Sarafu ziliposhushwa kwa viwango mbalimbali, mwandishi alielekea kwenye suluhu ya kati na kati ili madhara yasimwangukie mmoja. Ni rai nzuri, ila hatuambii hali ya suluhu isiyo na hiari. Mchimbaji anayeogopa kunyimwa ufadhili wa duara lijalo atakubali chochote.

Njia zipo. Aliyekopesha dhahabu alipwe dhahabu kwa uzito. Aliyekopesha shilingi alipwe shilingi, na siku ya malipo wakiridhiana wenyewe, achukue dhahabu kwa bei ya siku hiyo, wasiachane na kitu baina yao, kama Mtume (S.A.W) alivyomruhusu Ibn Umar aliyekuwa akiuza ngamia Baqii. Bei ya siku haifichiki. Geita ina soko la madini tangu Machi 2019. Na mfadhili anayetaka kupata gramu pindi duara likitema, basi aingie ushirika wa kweli, akubali pia kukosa lisipotema.

Wallahu aalam.