Gari Lisilovunjika



Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, nilimkuta mjukuu wangu ameketi mbele ya televisheni, usukani mikononi na kanyagio miguuni, akiendesha gari ambalo halimo nyumbani mwetu wala mtaani mwetu. Alikata kona kwa kasi, akagonga ukuta. Akabonyeza kitufe, na gari likarudi njiani zima kama lilivyotoka kiwandani. Nikamwuliza, "Na aliyekuwamo je?" Akacheka, akasema, "Babu, aliyekuwamo ni mimi."

Jawabu hilo lilininyima usingizi. Basi tulipime pamoja bila ghadhabu, kwani kukataza tusichokijua si elimu.

Michezo hii si mipya. Mwaka 1989 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mashine ya Hard Drivin', iliyowekwa katika majumba ya michezo. Ilikuwa na ufunguo wa kuwashia, klachi, gia, na usukani ulioivuta mikono kama wa gari la kweli. Ukigonga, ilikuonyesha ajali yako tena kwa mbali, uitazame kama tamasha. Mwaka 1997 ukatoka Japani mchezo wa Gran Turismo wa PlayStation, ulioongozwa na Kazunori Yamauchi, na mambo ya jumba la michezo yakaingia sebuleni kwetu.

Insafu yatutaka tuseme na wema wake. Dini haikuchukia mashindano. Bwana Mtume (S.A.W.) aliridhia mbio za farasi na ngamia na kulenga mishale, na yeye mwenyewe alishindana mbio kwa miguu na Bibi Aisha. Wala ustadi wa mchezo huu si wa uongo. Mwaka 2008 yalianzishwa mashindano ya GT Academy, ya kuwateua wachezaji hodari na kuwafunza kuendesha magari ya mbio ya kweli. Mshindi wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Hispania, alifika kushindana katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Anayesema mchezo huu haufunzi kitu, amekosea.

Ila yafaa tuulize: umefunza nini, na umeacha nini? Magari ya Gran Turismo ya kwanza yaligongana bila hata kubonyea. Ilingojewa hadi toleo la tano, mwaka 2010, ndipo mabati yakaanza kuumia. Uzito wa gari ulipimwa, breki zikapimwa, mshiko wa tairi ukapimwa. Matokeo ya kosa ndiyo yaliyosahauliwa.

Sheria yetu haikusahau. Anayemwua Mwislamu mwenziwe kwa kukosea, bila kukusudia hata chembe, analo la kulipa: diya kwa jamaa wa maiti, isipokuwa wakisamehe, na kafara baina yake na Mola wake; asiyeweza kumkomboa mtumwa, afunge miezi miwili mfululizo. Tazama hekima yake! Mwenye kukosea hatupwi, lakini pia haambiwi, "Anza tena."

Mfano upo. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda GT Academy mwaka 2011, na Juni 2013 akapata nafasi ya tatu katika daraja lake huko Le Mans. Machi 2015, katika uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, gari lake liliruka hewani likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akafa. Hatumhukumu dereva; ajali ni ajali. Lakini mwaka 2023 ilitoka filamu ya maisha yake, iitwayo Gran Turismo, na humo ajali ile imetangulizwa kabla ya Le Mans, ili huzuni iwe ngazi ya ushindi. Aliyekufa baada ya mbio zile ameuawa kabla yake, apate kumfaa shujaa wa hadithi. Hiki ndicho kitufe kile kile alichobonyeza mjukuu wangu, sasa mikononi mwa watu wazima.

Sisemi kwamba kila achezaye ataua. Nasema barabara zetu za pwani zina watoto watokao chuoni na juzuu mikononi, na kijana apandaye pikipiki ya kweli hana kitufe.

Liko na jambo la vibanda vya mitaani. Vijana wawili hushindana kwa sharti kwamba anayeshindwa ndiye atakayewalipia wote wawili. Mzazi, usilione dogo: hiyo ni kamari, hata ikiwa ni ya shilingi chache. Na kila mmoja akijilipia, bado iko adhana, nayo haimngojei mtu amalize mzunguko.

Basi tufanyeje? Usiuvunje usukani wa mtoto. Keti naye. Mwekee saa, ziishe kabla ya sala. Akigonga, mwulize nani alikuwa amesimama pale kando ya njia. Mimi nilimwuliza wangu siku ya pili. Alinyamaza, akaupitia tena ule upinde wa kona polepole, akapitwa na magari yote. Nilimwambia, "Leo umeendesha."

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atulinde sisi na makosa ya mikono yetu. Amin.