Nukta mbili ubavuni mwa papa potwe

Ukirudi bara kutoka Mafia ukasema umeogelea na papa potwe wa mita 9, jiandae kuulizwa ulimpima na nini. Ndani ya miwani ya kuzamia kila kitu hukua, na samaki anayefukuzia uduvi hasimami kungoja futi. Mvuvi mtu mzima atasema pima nne. Kijana anayeongoza watalii, akiwa na wageni wa kufurahisha, hatashindwa kutaja sita.

Mwaka 2015, mtafiti Christoph Rohner na wenzake walichapisha vipimo vya papa potwe 46 wa Tanzania katika jarida la PeerJ. Mfupi kabisa alikuwa na sentimita 420, mrefu kabisa 990, na wastani ulikuwa 641, yaani pima tatu na nusu. Hakuna aliyewashika samaki hao. Vipimo vyote vilitoka kwenye picha.

Picha peke yake haipimi kitu. Papa wa mita 5 aliye karibu na kamera anaweza kujaza fremu sawa na wa mita 9 aliye mbali. Dawa yake ni kutia ndani ya picha kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Hapa walitumia taa mbili za leza zilizofungwa kwenye fremu moja na kamera, zikielekea mbele sambamba, umbali wa sentimita 50 kati yake. Kwa kuwa miale iko sambamba, samaki awe karibu au mbali, nukta mbili zinazotua ubavuni mwake huwa na umbali uleule.

Kinachobaki ni hesabu ya dukani. Tuseme kwenye picha nukta zimeachana kwa pikseli 400: kila pikseli ni milimita 1.25. Hupimi samaki mzima, maana kwenye maji yenye uduvi mwingi mkia unaweza usionekane kabisa. Unapima kipande: kutoka mpasuo wa tano wa matamvua hadi pezi la kwanza la mgongoni linapoanzia. Kikiwa na pikseli 920, hiyo ni sentimita 115, kisha kanuni ya uwiano inakupa urefu wote.

Aliyewahi kufanya kazi maabara atatambua mantiki hii. Protini zikishatenganishwa kwenye jeli na kupakwa rangi, picha hufunguliwa kwenye programu kama ImageJ, iliyoandikwa na Wayne Rasband wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Uzito wa protini husomwa kwa kulinganisha mstari wake na safu ya protini zenye uzito unaojulikana, iliyopitishwa kwenye jeli hiyohiyo. Safu hiyo ndiyo leza ya maabara. Kiasi cha protini ni shughuli nyingine: programu huchora kilima kwa kila mstari na kupima eneo lake, na mstari ukishakuwa mweusi tii, hata ukiongeza protini maradufu picha haitakuonyesha tofauti. Nimeona watu wakinakili tarakimu nne baada ya nukta kutoka kwenye mstari wa aina hiyo, kwa sababu tu programu imezitoa.

Leza nazo zina udhaifu wake. Papa akikaa mshazari kwa nyuzi 20 mbele ya kamera, kipande kinaonekana kifupi kwa asilimia 6, na kwa samaki wa sentimita 641 hizo ni karibu sentimita 39 zilizopotea bila mtu kujua. Akipinda kiuno anapogeuka, kosa jingine. Na kwa kuwa kipande kidogo ndicho kinachobeba urefu wote, kila kosa dogo huzidishwa.

Ndiyo maana sehemu ninayoithamini zaidi katika kazi ile ni pale ilipokwama. Baadhi ya papa walipimwa tena baada ya siku 347 hadi 1,068, ili kujua wamekua kiasi gani. Majibu hayakuaminika. Watafiti hawakuyapamba, walisema ongezeko la muda huo ni dogo mno kwa kifaa chao, na kwamba njia hii inafaa zaidi kwa ukuaji wa miongo.

Kumpima tena papa yuleyule kunataka kumtambua kwanza. Hapo zinaingia nukta nyingine, zile nyeupe za ngozi yake, ambazo mpangilio wake nyuma ya matamvua haufanani kati ya samaki na samaki. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walichukua mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha ramani za nyota kwa pembetatu, wakaielekeza kwenye nukta hizo. Programu huleta picha zinazokaribiana, lakini anayeamua ni jicho la mtu.

Na katika miongo hiyo ya kumpima, papa atakuwepo? Kwa macho, watu wa Kilindoni, mji wa Mafia, huwaona kuanzia Oktoba hadi Februari, halafu kimya. Lakini vifaa vya sauti walivyofungwa, katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2015, vilisikika mwaka mzima. Wakati huo wa kimya walikuwa palepale Mafia, mbali zaidi na ufukwe na chini zaidi, ambako kamera haikuwafuata.