Kamba, Beleshi na Mteremko wa Iveti

Kazi huanza na kamba. Watu wawili husimama shambani, kila mmoja ameshika mti wa urefu sawa na wa mwenzake, na kamba imenyooshwa kati yao. Katikati ya kamba huning'inizwa pimamaji ndogo, ile yenye kitone cha hewa ndani ya kioo. Mtu wa tatu kazi yake ni kukitazama kitone hicho tu. Aliyeshika mti wa mbele hupanda kidogo, hushuka kidogo, mpaka kitone kitulie katikati, ndipo kigingi kipigwe. Wanasogea. Baada ya muda shamba limezungukwa na safu ya vigingi, na mgeni atadhani wamekosea, maana mstari haunyooki hata kidogo. Kwenye kibonde unaingia ndani, kwenye mgongo wa mlima unajitokeza nje. Lakini kila kigingi kiko kwenye kimo kimoja, na maji yakifika hapo hayana pa kukimbilia.

Hivyo ndivyo tuta la fanya juu linavyoanza, Kathiani kwenye Milima ya Iveti, Kangundo, Mwala, Masii, na kila mahali Machakos, Ukambani nchini Kenya, ambako shamba limeegemea mlima. Nimeitazama kazi hii tangu utotoni na bado nikiiona nasimama.

Vigingi vikishapigwa, mtaro huchimbwa kuvifuata, upana wa sentimita 60 hivi na kina kama hicho, na udongo wote hutupwa upande wa juu. Hapo ndipo jasho linapotoka. Udongo kwa tabia yake unataka kushuka. Anayechimba amesimama ndani ya mtaro, uso kwa mlima, na kila beleshi lazima lipande mpaka kifuani ndipo lifike linapotakiwa. Hesabu mwenyewe: mtaro wa mita 100 unatoa mita za ujazo 36, zaidi ya tani 40 za udongo mwekundu, zilizonyanyuliwa kwa mikono na kuwekwa juu ya mlima zilikotoka. Wakati wa kiangazi udongo huo ni mgumu, sururu hutangulia na beleshi hufuata.

Anayejua kazi haurundiki udongo ukingoni. Huacha kijia kitupu kati ya mtaro na tuta, kama sentimita 30, ili mvua ya kwanza isiurudishe udongo shimoni. Halafu hulikanyaga tuta, hulisawazisha kwa mgongo wa jembe, na juu yake hupanda nyasi: makarikari kwenye sehemu kavu, matete palipo na unyevu. Umbali kati ya tuta na tuta haukisiwi. Mteremko unaoshuka mita 15 katika kila mita 100 unataka tuta kila baada ya mita 12 hivi, na mlima ukizidi kusimama matuta husogeleana. Nimeona wazee wanaoupima mteremko kwa macho tu, na kamba ikija baadaye inawaunga mkono.

Ninachokipenda zaidi katika ufundi huu ni kwamba fundi hamalizi kazi yake mwenyewe. Yeye hujenga kizuizi tu. Kila mvua ya Machi na kila mvua ya Novemba, ambayo Mkamba huitegemea kuliko ile ya Machi, inateremsha udongo kidogo hadi kwenye tuta, na tuta linaushika. Plau ya ng'ombe nayo inausukuma chini kidogo kila msimu. Mwaka baada ya mwaka sehemu ya chini ya kishamba inainuka na ya juu inashuka, tuta linaongezewa kimo, mpaka kilichokuwa mteremko kinakuwa ngazi bapa ambapo maji yanasimama na kunywewa na mizizi. Mlima umejisawazisha, na mtu alichofanya ni kuuonyesha pa kusimama.

Ufundi huu una historia ya uchungu, na siwezi kuusifu bila kuieleza. Uingereza ilipotwaa Ukambani, Milima ya Mua, yenye mvua na nyasi, ilipewa walowezi, na uwanda wa Yatta ambako mifugo ilikuwa ikipelekwa wakati wa ukame ukawa ardhi ya serikali. Watu na ng'ombe wakabanwa katika hifadhi waliyotengewa, na milima ikaanza kuchanika makorongo. Mwaka 1937 ofisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu Machakos, akiiona ikielekea kuwa jangwa. Makorongo aliyaona vizuri. Ila dawa ya serikali ilikuwa kuchukua ng'ombe. Mwaka 1938 mifugo ya watu wa Ngelani, chini ya Milima ya Mua, ilikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikisubiri Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Ng'ombe waliokuwa wamebaki mikononi mwa serikali walirudishwa. Muindi alipelekwa kizuizini Lamu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia matuta yenyewe yakawa amri. Kila familia ilitakiwa kutoa mtu wa kuchimba, asubuhi mbili kwa juma, chini ya jicho la chifu na askari wake. Wanaume wengi walikuwa jeshini, kwenye mashamba ya walowezi au Nairobi, kwa hiyo waliochimba walikuwa wanawake, na shamba lao wenyewe likingoja. Matuta yale yalikuwa membamba, yakichimbwa haraka ili urefu utoshe kwenye hesabu ya ofisa, na mengi yalipasuka mvua ilipokuja. Matrekta yalipoletwa kusaidia kazi, wapo waliojilaza mbele yake. Hawakuwa wakipinga udongo kuhifadhiwa. Waliogopa kwamba shamba likishapendeza Mzungu atalitaka, na mbele yao ilikuwepo Milima ya Mua kuwathibitishia.

Kwa hiyo nikisoma habari za wakulima wa Palestina, najua ninachokisoma. Battir ni kijiji kusini-magharibi mwa Yerusalemu chenye matuta ya mawe yaliyopangwa bila saruji, ngazi juu ya ngazi, yenye mizeituni na mboga. Maji ya chemchemi hugawanywa kwa koo nane, siku moja kila ukoo, hivyo juma lao la maji lina siku nane. Mwaka 2014 UNESCO iliyaingiza matuta hayo katika Urithi wa Dunia, na siku hiyohiyo ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa ukuta wa Israel ulikuwa umepangwa kupita katika bonde hilo. Ukingo wa Magharibi, kilipo kijiji hiki, uko chini ya jeshi la Israel tangu 1967. Familia ambayo mizeituni yake imeachwa upande wa pili wa ukuta huomba kibali cha jeshi ili ikavune Oktoba. Na shamba lililokaa miaka bila kulimwa laweza kutangazwa mali ya dola, kwa kuegemea sheria ya ardhi ya Waosmani ya 1858. Pale ukuta wa mawe ulioporomoka ukirudishiwa, jiwe baada ya jiwe, kazi hiyo inashika udongo na inashika haki ya kubaki. Machakos mkulima aliogopa kunyang'anywa kwa sababu ametengeneza shamba. Battir anaogopa kunyang'anywa asipolitengeneza. Hofu ni ileile, ya mtu ambaye mwenye bunduki ndiye anayeamua shamba lake ni la nani, huku mikono yake mwenyewe mkulima ndiyo inayobeba mawe.

Ukambani mambo yalibadilika pale watu walipoachiwa nafasi ya kuchagua. Katika miaka ya 1950 kazi ilirudi mikononi mwa mwethya, desturi ya majirani kulimiana kwa zamu, na makundi yakachagua viongozi wao wenyewe, wengi wao wanawake. Yakaacha tuta jembamba la amri, yakashika ngazi pana na fanya juu, ingawa zinadai jasho mara nyingi zaidi. Mwafrika aliporuhusiwa kupanda kahawa, ilibidi aipande juu ya ngazi, na Kangundo na Matungulu zikajaa ngazi. Uhuru ulipokaribia kazi ilisimama kidogo, kwa kuwa jembe la matuta lilinuka ukoloni bado. Kisha watu wakalishika tena kwa hiari, na katika miaka ya 1970 na 1980 walichimba kuliko serikali yoyote ilivyowahi kuwalazimisha.

Ushahidi upo kwenye picha. R. O. Barnes alipiga picha za milima ya Machakos mwaka 1937: mlima uchi, makorongo, mti mmoja mmoja. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walikwenda mahali palepale baada ya nusu karne na zaidi, na kitabu chao cha 1994 kinaonyesha walichokikuta: ngazi hadi kileleni, miembe, mbaazi, ua wa kila shamba. Watu wa Machakos walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4. Ripoti za kikoloni zililaumu wingi wa watu na wa ng'ombe wao. Mimi naona ni haohao walionyanyua udongo.

Leo ngazi moja hulisha kwa namna nyingi. Ndani ya mtaro, ambako maji hukaa siku kadhaa baada ya mvua, hupandwa ndizi na mapapai. Kwenye bapa kuna mahindi na maharagwe, na mbaazi ambazo hubaki kijani mahindi yanapokauka. Nyasi za tuta hukatwa kwa ng'ombe wa zizini, na samadi yake hurudi shambani. Mjukuu akigawiwa shamba, mpaka wake mara nyingi ni tuta alilochimba nyanya yake.

Kisha kuna matengenezo. Tuta likipasuka, fundi haanzi pale palipopasuka. Hupanda mlimani kutafuta maji yalikotoka, kwa kawaida kwenye mtaro wa kukingia ulio juu ya shamba zima, uliojaa mchanga na kumwaga. Huo huzibuliwa kwanza. Ndipo hushuka kwenye pengo, huchimba ngazi ndogo kwenye kingo zake mbili ili udongo mpya ushikane na wa zamani, hujaza tabaka kwa tabaka akikanyaga kila tabaka, na huweka mawe upande wa chini. Mwisho hung'oa mashina ya makarikari kutoka sehemu ya tuta iliyo imara na kuyapanda pale, karibu karibu. Yote haya hufanywa Septemba na Oktoba, udongo ukiwa mgumu, kwa sababu Novemba haingoji mtu.