Nauli Iliyobeba Tusome

Kenya ilipoanza kutekeleza Tusome, mpango wa kuwafundisha watoto kusoma, nchi nzima mwaka 2015, sifa nyingi zilikwenda kwa vitabu, na si bure. Katika shule nyingi za umma watoto walibanana juu ya kitabu kimoja, aliye pembeni akifuata kwa masikio tu. Tusome ikampa kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu naye akapata mwongozo wa somo la kila siku: sauti, maneno, kisha hadithi fupi.

Lakini vitabu tumeshaviona vikifungiwa kabatini visichakae. Mimi kilichonivutia ni nauli.

Serikali ilikuwa na maafisa wa kuwatembelea na kuwaelekeza walimu madarasani tangu zamani. Wengi hawakufika mara kwa mara, maana pikipiki haiendi bila mafuta. Tusome ikawapa tableti yenye programu ya Tangerine, inayofanya kazi hata pasipo mtandao. Afisa alifuatilia somo huku akijaza aliyoyaona, kisha alichagua watoto watatu bila kupendelea, na kila mmoja alimsomea kwa dakika moja. Tableti ilihesabu maneno aliyosoma mtoto sawasawa. Lengo lilikuwa maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. La Kiswahili lilikuwa dogo kwa kuwa maneno yetu ni marefu, yamejaa viambishi. Baada ya hapo afisa na mwalimu walizungumza, matokeo yakiwa mbele yao.

Tableti hiyohiyo ilirekodi mahali afisa alipo, na marejesho ya nauli yalifuata rekodi hiyo. Asiyefika shuleni hakulipwa. Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe: hakuna aliyehitaji kumhubiria mtu kuhusu uwajibikaji.

Watoto watatu hawatoshi kupima darasa zima, ila wanatosha kuanzisha mazungumzo. Wasiwasi wangu uko kwenye dakika ile moja. Mtoto anaweza kuyatamka maneno 45 mbiombio asijue hadithi ilihusu nini, na mwalimu anayesubiri kupimwa atafundisha mbio. Isitoshe, kitabu cha somo si cha kujisomea. Akimaliza hadithi ya leo, mtoto anahitaji kingine cha kuchukua nyumbani.

Halafu kuna fedha. Mpango uligharamiwa kwa kiasi kikubwa na Marekani, Uingereza nayo ikichangia. Mfadhili akiondoka, vitabu vilivyokwisha kuchapishwa hubaki, lakini mafuta ya pikipiki hutakiwa kila wiki, na sasa kwa bajeti ya serikali yenyewe.